Mimi ni rubani wa ndege ya mizigo, na aliyenitetea nikapata kulala ni mwenyekiti wa wabeba mizigo wa Kariakoo

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo, walio kwenye foleni na walio kwenye viyoyozi.

Juzi kuna kijana alifungua uzi humu. Amemaliza shule ya urubani, anauliza aingie ndege za abiria au za mizigo. Mlimjibu wengi, na wengi wenu kitu pekee mlichowahi kurusha ni tiara. Nikaona mtoto wa watu asije akapotea, ngoja nitoe yangu.

Hii si chai. Anayetaka chai aende kwa muuza kahawa wa mtaani kwake, atapewa na kashata. Majina nimebadilisha, na jina la kampuni silitaji kwa sababu bado nakula hapo. Mods naomba msiuunganishe na ule uzi wa kijana, huu una mambo yake.

Ni mrefu kidogo. Wenye bando la kuungaunga save msome kwenye wifi ya ofisi.

Mimi ni mkazi wa Magomeni, thelathini nimeshaipita, nina mke na watoto wawili. Huu ni mwaka wa sita narusha mizigo.

Kwa nini mizigo? Nilianza na abiria, vile vindege vidogo vya kupeleka watu visiwani. Abiria mmoja aliniomba nifungue dirisha apige picha. Mwingine aligombana na mimi kwa sababu mawingu yamemzibia asione kwao. Wa tatu alitapika kwenye kofia yangu, akanirudishia, na akasema asante. Nikajiuliza mimi nilisomea nini hasa. Gunia la mchele halitapiki, na katoni ya vioo vya simu haikuulizi tunafika saa ngapi. Nikahamia mizigo kwa moyo mweupe kabisa.

Na bado nasema kuchagua mizigo halikuwa kosa. Kosa ni kwamba niliangalia ndege, sikumwangalia mwenye ndege.

Kampuni niliyoingia ina ndege moja. Injini moja, rubani mmoja, inabeba tani moja na ushee. Ofisi haiko uwanja wa ndege, iko Kariakoo, ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge, na kuifikia unapanda ngazi huku unaruka marobota. Mwenyewe tumwite Mzee Maganga. Ni Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa swala tano, ana tumbo la heshima, na roho yake si mbaya hata kidogo. Nayasema haya mapema msije mkamtukana huko chini.

Mzee Maganga ni mtu wa malori. Amekula chumvi kwenye Fuso miaka na miaka. Siku moja kuna mtu alikuwa anahama nchi, anauza ndege kwa haraka, mzee akaichukua. Shida ni kwamba alibadilisha chombo tu. Taratibu zilibaki zilezile za lori.

Fomu ya safari niliyokuwa najaza ilikuwa ya Fuso. Ina sehemu ya kuandika umepata pancha ngapi njiani, umepita mizani ipi, na jina la utingo wako. Miaka miwili nikawa naandika pancha hakuna, mizani hakuna, utingo hakuna. Siku moja akaniita ofisini mbele ya madereva wote akanipongeza, eti mimi ndiye dereva pekee nisiyepata pancha. Madereva wa Fuso walinikunjia sura mwezi mzima.

Ndiyo, aliniita dereva. Mwaka wa kwanza nilimrekebisha, baadaye nikachoka.

Sasa kwenye malori kuna sheria moja kubwa kuliko zote: dereva haachi mzigo. Anatoka nao, anafika nao, na hang'oki mpaka kila mwenye chake apokee na kusaini. Barabarani ina akili yake, wote tunajua mzigo unavyoweza kuota miguu. Lakini kwangu ilimaanisha nikishatua Dar, badala ya kwenda nyumbani, napanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nyuma, juu ya mzigo, na shati langu jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, mpaka Kariakoo. Huko nakaa juu ya magunia katikati ya mtaa nalinda mpaka mteja wa mwisho aje.

Watu walishindwa kabisa kunielewa. Wengine waliniita baharia. Kuna mama alinishtakia kwamba ameibiwa pochi, akidhani mimi ni ulinzi shirikishi. Nilimsaidia kuitafuta.

Kwa hiyo ratiba yangu ilikuwa hivi. Naamka saa tisa alfajiri. Saa kumi na mbili niko juu naelekea bara. Narudi, mara nyingine naenda tena. Halafu Kariakoo mpaka jioni. Siku sita kwa wiki, na ya saba mzee akipiga simu kwa sauti ya upole.

Wenye fani watasema sheria za anga zinakataza. Ni kweli, zipo, na nazijua kwa kichwa. Lakini kampuni ina ndege moja jamani. Ukiishtaki ikafungwa, kesho wewe ni rubani wa nini? Nikawa nasaini kwamba nimepumzika wakati sijapumzika. Hilo kosa ni langu, silikimbii.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Nilikuwa natoka Dar kwenda Tabora na maboksi ya vifaranga wa siku moja. Anga safi, autopilot inashika njia, jua liko mgongoni. Nikafumba macho kidogo yapumzike.

Nililala. Sijui ni dakika mbili au kumi na mbili. Mpaka leo sijui, na hiyo ndiyo inayonitisha.

Kilichoniamsha ni vifaranga. Ndege ilipita kwenye hewa mbaya ikaruka, na vile vifaranga vyote vikapiga ukunga kwa pamoja. Nilishtuka mate yameshafika kwenye tai. Nilimuwaza mwanangu Salma, nikawaza na wale watu wa vijijini niliopita juu ya mapaa yao, wanaendelea na shughuli zao wakijua huko juu kuna mtu macho. Wakuu, niliogopa kama sijawahi kuogopa.

Jioni ile nikaandika barua. Kiingereza, kurasa tatu, na rejea za kanuni chini. Niliomba vitu vitatu tu: siku moja ya kupumzika kwa wiki, masaa nane ya kulala kabla ya kuruka, na nisamehewe kulinda mzigo Kariakoo.

Mzee Maganga aliisoma yote, akavua miwani. Nikaona amelainika.

"Pole sana mwanangu," akasema. "Kwa hiyo waliokuokoa ni vifaranga?"

"Ndiyo mzee."

"Basi kuanzia kesho hakuna safari bila vifaranga. Kama hakuna mteja, nitanunua mwenyewe."

Nilidhani ni utani. Asubuhi nikakuta boksi moja nyuma ya kiti changu, na pumba, na kikopo cha maji.

Wakuu, nilisafiri na boksi lile kila siku, kwenda na kurudi. Na kwa kuwa halikuwa la mteja, halikushuka popote. Vifaranga vilevile. Wakaota manyoya. Wakaanza kugombana. Wiki ya kumi mmoja wao alijaribu kuwika tukiwa juu ya Dodoma, sauti ikamkatikia katikati.

Shida ni kwamba walizoea. Mwanzo walikuwa wanapiga kelele nchi nzima, baadaye tukishapita Morogoro wanakunja shingo, wanalala kabla yangu. Nikageuka mimi ndiye nawachungulia kwa wivu.

Barua ya pili niliandika kwa Kiswahili. Akaniongezea boksi la pili. Ya tatu sikupata jibu, ila niliikuta imefungiwa karanga pale chini ngazini.

Hapo ndipo nikaanza kufikiria kuacha. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza mapazia mtaa wa pili, na alikuwa anatafuta mtu wa kumwamini dukani. Mke wangu hakunilazimisha. Alisema tu, "Baba Salma, pazia likianguka haliui mtu."

Lakini niwaambie ukweli. Urubani ndicho kitu pekee nilichowahi kukitaka. Nikiwa mdogo Magomeni nilikuwa naangalia juu mpaka shingo inauma, mama ananiita nile nasema subiri ipite. Kuniambia nikapime mapazia ilikuwa kama kuniambia nizikwe vizuri. Hata hivyo niliandika barua ya kuacha kazi. Niliiandika mara moja tu, haikuhitaji rejea. Nikaiweka mfukoni nimpe mzee Ijumaa baada ya mzigo kuisha.

Ijumaa ikafika. Nimetua na madumu ya asali na magunia ya karanga, nimepanda kirikuu, tuko mtaani chini ya ofisi. Mzigo unashuka polepole, mimi barua inaniwasha mfukoni. Nikasema ngoja niharakishe, nikanyanyua dumu moja la asali nikaliweka begani.

Filimbi ikalia.

Mtaa wote ukasimama. Mikokoteni ikasimama, muuza soksi akanyamaza. Akaja mzee mfupi, barghashia kichwani, filimbi shingoni, nyuma yake wanaume kama kumi wenye vizibao vyenye namba.

"Kijana, tua mzigo," akasema.

Nikatua.

Huyo ndiye Mzee Pazi, Mzaramo wa hapahapa mjini, mwenyekiti wa chama cha wabeba mizigo wa ule mtaa. Kwa wasiojua, mtaa ule una mila yake: asiye mwanachama hashiki mzigo, hata uwe wake mwenyewe. Ukishika, una njia mbili. Uwalishe wanachama wote pilau siku hiyo, au uingie chama. Niliwahesabu kwa macho, nikachagua kuingia chama.

Tukakaa chini ya turubai lao. Daftari likaletwa. Jina nikasema, mtaa nikasema. Tukafika kwenye aina ya chombo. Palikuwa na kichwa, bega, mkokoteni na guta, ile baiskeli ya kubebea mizigo.

"Nina ndege," nikasema.

Mzee Pazi hakushtuka. "Ina magurudumu mangapi?"

"Matatu."

"Unabeba mizigo yako au ya watu?"

"Ya watu."

"Chombo chako au cha tajiri?"

"Cha tajiri."

Akaandika: guta, la tajiri. Nikapewa kizibao namba 212, nikakivaa juu ya mistari yangu ya dhahabu.

Halafu akanisomea kanuni za chama, kwa sauti, kama mwalimu wa madrasa. Mwanachama habebi zaidi ya kipimo chake, hata mwenye mzigo alie machozi. Ukishusha mzigo mzito unakaa mpaka jasho likauke. Kila mwanachama ana siku moja kwa wiki ya kunyoosha mgongo. Na aliyekesha, iwe kwa msiba au kwa ngoma, siku hiyo hapewi chombo, kwa sababu guta likimponyoka mtu mwenye usingizi linamgonga mama wa mtu.

Kanuni ile mimi niliisoma kwenye kitabu kizito, nikaifanyia mtihani nikafaulu vizuri. Lakini watu wanaoifuata nilikuwa sijawahi kuwaona mpaka siku ile chini ya turubai.

"Na wewe tajiri wako amekupa siku gani?" akauliza.

Nikawaambia. Nikawaambia yote, saa tisa alfajiri, safari mbili, kulinda mzigo, vifaranga. Wanachama wakaacha kunywa kahawa.

Mzee Pazi akaniangalia sana. "Guta lako likikuponyoka linaenda wapi?"

"Chini."

"Chini kuna nini?"

"Kuna watu, mzee."

Akavua barghashia akaiweka gotini. Kisha akauliza tajiri mwenyewe ni nani, nikasema Maganga wa ghorofani.

Uso ukamchanua. "Maganga Mnyamwezi? Mtani wangu!"

Kwa vijana waliozaliwa na simu mkononi: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wanaleta mizigo pwani kwa kichwa. Mtani anaweza kukunyang'anya tonge mdomoni. Anaweza kuja kucheka kwenye msiba wako. Na wewe huruhusiwi kukasirika, ukikasirika unaonekana hukufunzwa kwenu.

Na chama chao kina kitu kinaitwa kulaza mzigo. Mwanachama akionewa, mzigo wa tajiri wake unawekwa chini mbele ya mlango wake, unafunikwa mkeka, na hakuna mtu mtaa mzima atakayeugusa mpaka tajiri mwenyewe ashuke auamshe kwa maneno ya kumridhisha mwanachama. Mzee Pazi akaviunganisha vyote viwili, utani na kulaza mzigo, palepale.

Waliyapanga magunia ya karanga vizuri mbele ya ngazi, madumu ya asali pembeni, mkeka juu. Halafu wakaniambia nipande nijinyooshe, mimi ndiye marehemu. Nikafunikwa kanga hadi kifuani, kizibao kikionekana.

Mzee Pazi akaanza kulia. "Ooo mtani wangu Maganga, amemuua dereva wake kwa usingizi! Alimnyima usingizi, sasa kaufuata wote kwa mpigo!" Wanachama wakaitikia. Watu wakajaa.

Yanayofuata nimeyaona kwenye video waliyorekodi watu, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala.

Sikuigiza. Magunia ya karanga yana joto zuri, mgongo ukanyooka, nikaondoka. Katikati ya Kariakoo, mchana, spika ya duka la viatu inapiga kelele bei ya kutupa, pikipiki zinapiga honi sikioni, mimi nakoroma.

Wateja wa asali wakaja, wakaambiwa mzigo uko msibani. Wakapanda juu kumlalamikia mzee. Mzee Maganga akashuka. Kwenye video anashuka anacheka, anajua ni watani wake hawa, anajibu matusi kwa matusi. Akafika kwangu akaniinamia.

"Haya dereva, mchezo umekwisha, amka."

Akanitikisa bega, akanipiga makofi mashavuni, akanipulizia usoni. Mtu akaleta filimbi ya chama ikapigwa karibu na sikio langu. Kwenye video ninageukia upande wa pili na kulikumbatia dumu la asali.

Mzee akaacha kucheka. Unaona kabisa uso unavyobadilika.

"Huyu huwa anarusha akiwa hivi?" akauliza.

"Leo karudi," Mzee Pazi akajibu. "Kesho uulize tena."

Mzee Maganga akakaa kwenye ukingo wa ngazi. Akafuta jasho. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara, na pale ni Kariakoo, kwa hiyo wakaanza kupatana bei ya usingizi wangu.

Mzee Maganga alianza na masaa manne. Mzee Pazi akasema kumi na mbili. Tano. Kumi na moja. Mzee Maganga akageuka kama anaondoka, wakamwita. Sita, mwisho wangu, sipati kitu hapo. Mama mmoja aliyekuwa anapita akasema kijana mwenyewe amekonda, ongezea. Wakafunga kwenye nane. Siku ya mapumziko ilianzia moja kwa wiki mbili, ikaisha moja kwa wiki. Kulinda mzigo kukafutwa, chama kikakubali kumpokelea mzee mzigo uwanjani. Wakaandika yote kwenye ubavu wa katoni kwa kalamu nene, wakasaini wote wawili, na wateja wa asali wakashuhudia.

Mimi niliamka jua limepoa. Katoni iko kifuani. Mzee Maganga amekaa pembeni yangu peke yake, ana karatasi mkononi. Ilikuwa barua yangu ya kuacha kazi, ilidondoka nilipokuwa nalikumbatia dumu.

"Hii ni ya kwako," akasema. "Kama bado unaitaka, nitaipokea."

Niliikunja nikairudisha mfukoni. Shemeji alitafuta mtu mwingine.

Makubaliano mzee aliyafuata kama yalivyoandikwa, lakini kwa kununa. Kila siku yangu ya mapumziko alikuwa anapita kwa Mzee Pazi kumuuliza kama bado nimelala tu. Moyoni aliona amepigwa bei na mtani. Nami nikawa najiuliza itachukua muda gani kabla hajaanza kupiga tena ile simu ya sauti ya upole.

Kuku tuliwagawana. Mimi nilipewa yule jogoo aliyejifunzia kuwika Dodoma. Mke wangu alimpokea vizuri. Tatizo ni kwamba amekulia kwenye ratiba yangu ya zamani, kwa hiyo anawika saa tisa kamili alfajiri, kila siku, bila huruma.

Sasa mwisho wenyewe.

Juzijuzi Mzee Maganga alikuwa anamwozesha bintiye kule Tabora, na yeye ndiye walii. Bila yeye ndoa haifungwi. Fuso aliyotaka kwenda nayo ikaharibika, muda umebana, nikaambiwa leo mzigo ni mzee mwenyewe. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile hajawahi kupanda ndege yake.

Akafika uwanjani na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, joho jeusi, bakora. Nilikuwa nimeshakagua ndege, nimefungua mlango. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akasita, akanigeukia.

"Jana umelala masaa mangapi?"

Wakuu, kudanganya ilikuwa rahisi. Nilishasaini uongo wa namna hiyo mara nyingi sana, na mtu mwenyewe anasubiriwa na ukoo mzima. Lakini nilikuwa nimelala saa nne usiku, na lile jogoo lake likaniamsha saa tisa, sikupata tena usingizi.

"Matano, mzee."

Akaiangalia ndege, akaangalia juu, akaangalia saa.

"Yamebaki matatu," akasema.

Akavua joho lake la ndoa akalitandika chini ya bawa, kivulini. Nikamwambia mzee watu wanakusubiri. Akaninyooshea bakora nilale.

Niliyoyakosa nilisimuliwa na wapakiaji. Alisimama pale masaa matatu anazunguka ndege kama mlinzi. Kila aliyepita na toroli alimwonyesha kidole mdomoni. Kijana wa mafuta aliambiwa avue viatu. Ndege kubwa ya abiria ilipowasha injini, alianza kutembea kuielekea na bakora kwenda kuomba izime kidogo, wakamwahi.

Lakini kuna kitu sikusimuliwa, nilikisikia mwenyewe. Nilikuwa nusu niko macho, nusu nimelala, na yeye yuko kwenye simu na Tabora, anajaribu kunong'ona na sauti yake ile ya kuita Fuso.

"Mwambieni shehe asubiri," akasema. "Ndoa isogezwe mpaka baada ya adhuhuri. Rubani wangu amelala."

Nilifumba macho vizuri, maana machozi yalishakuja, na nikalala.

Ndoa ilifungwa alasiri na ilikuwa nzuri sana, nilikula na nikapumzika tena kabla ya kurudi. Siku hizi mzee haulizi tena kwa Mzee Pazi kama bado nimelala. Ananipigia mwenyewe saa tatu usiku kuniambia zima simu ulale.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, jibu langu hili hapa. Nenda mizigo, ni kazi nzuri, na mawingu ya asubuhi juu ya Dodoma hakuna atakayekuzibia. Ila kabla hujaangalia ndege, muulize mwenye ndege unalala saa ngapi, na uandikiane naye hata kwenye katoni. Wala usisaini uongo kama nilivyosaini mimi. Tajiri haelewi uchovu wako mpaka siku atakapokuwa yeye ndiye mzigo.

Marubani, madereva wa malori, manesi wa zamu, wote mnaokesha humu ndani, hebu nambieni, nyie mlipataje usingizi wenu? Chama kimeniomba nigombee ukatibu na sijui kama nafaa, nishaurini na hilo.

Na mwenye dawa ya jogoo anayewika saa tisa aiweke hapa. Tafadhali msiseme mchuzi, mke wangu ameshalisema, na mimi siwezi kumla niliyeruka naye.